Picha Alizoziosha Mishi

Simu ya Idah iliingia Jumatatu saa nne asubuhi, Mishi akiwa anamnyoa mume wake ndevu. Hafswa, binti yao, aliiweka simu juu ya kigoda baina ya wazee wawili, akaongeza sauti ili wote wasikie.

"Shikamooni," ilisema sauti ya mwanamke. "Mimi naitwa Idah. Ni mtoto wa Junju, lakini kazi yangu iko Mombasa, kwenye jumba la maonyesho. Namtafuta Mzee Muzammil, mpiga picha."

"Umempata," alisema Mishi. "Ana povu hadi masikioni, lakini yupo."

Idah alicheka, kisha akaeleza. Mwisho wa mwezi kungekuwa na maonyesho ya picha za Wajapani wa kale, wale waliopiga picha zikawa kama zimechorwa kwa wino. Ukuta mmoja walitaka kumpa mtu wa pwani hii aliyeifuata njia ile. Wiki iliyopita alikuwa ameingia nyumba moja Mambrui akaona picha ukutani: mashamba ya chumvi alfajiri, wanawake watatu na makarai vichwani, ukungu umewafuta miguu wakawa kama wanaelea. Nyuma kulikuwa na mhuri wa Mzee Muzammil. Mwenye picha aliapa haimtoki.

"Nikauliza, je, huyu mzee ana nyingine?"

"Picha za karatasi zililiwa na mchwa zamani," alisema Mishi. "Lakini negativu zake, zile filamu zenyewe, zipo zote. Hakutupa hata moja."

"Negativu ndizo hasa nizitakazo, bibi. Zikiwepo hizo, nitazichapa picha upya, kubwa kubwa. Nije Jumamosi?"

Mishi alimtazama mume wake. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande wa kulia mwaka mmoja na nusu sasa, na mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, hata hakuona ila mwanga na kivuli. Maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayetoa miba mguuni. Nusu ya uso wake ilikuwa inacheka. Povu lilimdondoka kidevuni likaingia kifuani.

"Ju-ma-mosi," alisema.

"Haya baba, umeposwa," Hafswa alimtania. "Tena na Mombasa."

Mishi alimfuta povu kwa pembe ya leso yake, polepole. Miaka yote ya studio yao hapa Malindi watu walikuwa wakimcheka. Walimwita Mzee Moshi. Mhandisi mmoja wa Kijapani aliyekuja kuchimba visima, Bwana Morita, ndiye aliyemwachia kitabu cha zile picha za kwao: milima iliyofifia, mianzi katika mvua, mtu mmoja mdogo juu ya daraja. Tangu siku ile Muzammil hakutulia. Alikata kipande cha mtandio wa Mishi, ule wa fungate, akaufunga mbele ya kioo cha kamera ili picha zitoke laini. Wateja wakaja juu.

"Wamkumbuka Msellem wa forodhani?" Mishi alisema sasa, wembe mkononi. "Alivyokuja dukani na picha yake? 'Nimekulipa unitoe mimi, Muzammil, wewe umenitoa roho yangu ikipaa!'"

Mzee alicheka hadi Mishi akalazimika kuuweka wembe mbali.

* * *

Jumanne Mishi alikifungua chumba cha nyuma, kilichokuwa chumba cha giza enzi za kazi. Harufu ya siki ilimpiga puani. Aliyashusha makopo ya biskuti kumi na moja, akayafungua moja moja penye mwanga.

Negativu zile zilikuwa filamu pana, zimekatwa vipande vya picha tatu tatu, kila kipande katika bahasha yake. Ukikiinua dirishani unaona dunia imegeuzwa: mchanga mweusi, nyuso nyeupe zenye meno meusi, anga kama lami. Lakini sasa juu yake kulikuwa na nyuzi nyeupe kama za buibui, na madoa ya kahawia. Kuvu. Hewa ya chumvi na masika ya miaka mingi vilikuwa vimeingia hadi ndani ya makopo.

"Mama, zifunike zilivyo," Hafswa alisema. Alikuwa mlangoni, amekwisha vaa koti jeupe la duka la dawa alikofanya kazi. "Huyo dada si mtaalamu? Tumngoje."

"Mgeni haonyeshwi uchafu, Hafswa. Aje kutoka Mombasa, mimi nimfungulie kopo linanuka, nimpe na kuvu mkononi?"

"Wajua kuzisafisha?"

Mishi alimtazama mwanawe kama mtu aliyeulizwa iwapo anajua kupika wali. "Umezaliwa ukanikuta nazisafisha. Baba yako kazi yake ilikuwa kupiga. Kuosha ilikuwa kazi yangu. Nenda zako, utachelewa."

Na ilikuwa kweli. Maji ya mfereji ya Malindi hutoka na uvuguvugu, na dawa ya picha haipendi joto. Kwa hiyo miaka ile yote Mishi ndiye aliyekwenda kununua barafu kwenye soko la samaki, akaitia katika beseni mpaka maji yang'ate vidole. Kisha hulaza filamu humo bila kuzisugua. Muzammil alimfundisha hivyo: maji baridi, vidole vyepesi, nusu saa, usiwe na haraka. Mishi hakuwahi kumharibia hata moja.

Alitaka kumuuliza, lakini mzee alikuwa amelala baada ya uji, mdomo wazi, na Mishi alitaka iwe furaha ya ghafla. Amwekee vidoleni amwambie, hizi, zinang'aa kama siku ile.

Sokoni Ngala, muuza barafu, alikuwa akivunja pande kwa nyundo.

"Mama Hafswa! Barafu ya nini leo, una harusi?"

"Nina mgeni wa baba Hafswa. Wanazitaka picha zake Mombasa, zitundikwe."

Ngala aliweka nyundo chini. "Za Mzee Moshi?"

"Za Mzee Moshi."

"Basi chukua pande zima." Alimtilia katika gunia, akaongeza na jingine dogo. "Rudisha hizo pesa zako. Babangu picha aliyozikwa nayo ni ya mzee. Watu walisema haionekani vizuri. Mimi kila nilipoiangalia nilimwona kuliko hata alivyokuwa."

Alimwita kijana wa mkokoteni ampelekee gunia nyumbani, akamlipa yeye mwenyewe.

* * *

Aliyapanga mabeseni matatu uani, kivulini. Akatia barafu, akangoja hadi maji yamng'ate. Kisha akazilaza negativu, kopo baada ya kopo, akizihesabu kwa kumbukumbu si kwa nambari: hizi za Gongoni, hizi za mdomo wa Mto Sabaki, hizi za Vitengeni mwaka wa ukame. Hakusugua. Zote zilipokuwa ndani, alifunika mabeseni kwa kanga na kwenda kumgeuza mume wake ubavu, maana ulikuwa wakati wake. Akambadilisha shuka. Akamlisha ndizi iliyopondwa. Nusu saa ilipofika alirudi.

Alipoifunua kanga, maji yalikuwa na rangi ya chai iliyokosa majani. Alidhani ni uchafu unatoka, akafurahi.

Alikiinua kipande cha kwanza kwa ncha za vidole. Picha ilikuwa juu yake, mwanamke wa Gongoni na karai lake, lakini ilikuwa ikitembea. Iliteleza taratibu kutoka juu ya filamu kama malai juu ya maziwa, ikajikunja, ikamlalia Mishi kwenye kidole gumba. Alijaribu kuirudisha. Akaipokea kiganjani, akaitandaza kwa pumzi kama mtu anayekausha ubawa wa kipepeo. Ikakatika. Iliyobaki mkononi ilikuwa doa jeusi, na filamu ilikuwa safi kama kioo cha dirisha.

Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu. Aliingiza mikono yote miwili katika beseni na kila alichogusa kilimtoka. Kuvu ilikuwa imeshaula ule utando wa dawa ulioshika picha. Uliobaki ulikuwa umesimama kwa ukavu tu, ukingoja maji. Mishi hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba amefanya kila kitu kama alivyofundishwa.

Hafswa aliporudi saa kumi alimkuta mamake ameketi chini uani, mikono imemkunjamana kwa baridi, na vipande vya filamu vimeanikwa kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, vyote vyeupe, upepo ukivipigapiga.

"Zimetoka safi," alisema Hafswa, kisha akasogea. Akashika kimoja. Akashika cha pili. Alikwenda na kamba hadi mwisho wake. "Mama. Mama, zi wapi?"

Mishi alionyesha beseni.

"Zote?"

"Nilizilaza pamoja. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya."

"Nilikwambia tumngoje! Sikukwambia? Kazi ya miaka arobaini, mama, kwenye beseni la kufulia!"

Sauti yake ilipanda, na kutoka chumbani mzee aliita, "Ha... Haf?"

Hafswa alijifuta macho kwa mkono wa koti. Baada ya kitambo aliingia jikoni, akachemsha maji, akarudi na bakuli la maji ya vuguvugu. Akachuchumaa, akaichukua mikono ya mamake na kuitumbukiza humo. Aliishika hadi ikarudi rangi yake.

* * *

Habari njema ilikuwa imetangulia mjini, na Ngala ndiye aliyeieneza. Jumatano walikuja majirani kutoa hongera. Alhamisi alikuja Msellem wa forodhani mwenyewe, mzee sasa, na fimbo, na pakiti ya halua mkononi.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema, akiketi karibu na kitanda. "Mimi ndiye niliyekupa lile jina, Muzammil. Moshi. Na ile picha unaijua iko wapi? Mke wangu aliificha sandukuni. Alipokufa nikaiona. Nyuma kaandika, 'Hivi ndivyo alivyokuwa akija nyumbani jioni.' Mimi sikujua nilikuwa nikija nyumbani hivyo."

Muzammil alimpa mkono wa kushoto, na Msellem aliushika kwa mikono yote miwili. Mishi aliikata halua, akaigawa. Alikula kipande chake mbele ya mgeni kwa adabu, akakisukuma kwa kahawa.

"Mama Hafswa umenyamaza sana," Msellem alisema. "Au ndiyo ukubwa umeanza?"

"Nimechoka tu, shemeji."

Ijumaa mzee alitaka kanzu yake nyeupe ipigwe pasi. Alitaka kofia ya vito, ile ya vitundu vilivyodariziwa kwa mkono, si ile ya kila siku. Alitaka kunyolewa tena. Mara tatu kwa siku alimuuliza Mishi, "Ziko sa-lama?" na mara tatu Mishi alimjibu, "Ziko."

Hafswa alikuwa amempigia Idah simu Jumatano, kutoka duka la dawa, asisikiwe nyumbani. Idah alisema angekuja vivyo hivyo, ameshawaahidi wazee.

"Basi baba tumwambie," Hafswa alimwambia mamake jikoni. "Kabla huyo dada hajafika."

"Wewe mwambie. Mimi ulimi wangu hauendi."

Hafswa alikwenda hadi mlango wa chumba. Alimwona babake amejilaza, mkono mzima ukipapasa kofia kifuani, akihesabu vito vyake kwa kidole. Akarudi jikoni akachukua ufagio, akaanza kufagia pale palipokwisha kufagiwa.

* * *

Idah alifika Jumamosi saa tatu, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, na begi la mgongoni. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alimpa mzee shikamoo, akamwekea mapajani zawadi, kitabu chenye picha za Wajapani wale. Kisha akaomba maji ya kunywa, akamfuata Mishi jikoni.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "kuvu ilikuwa imezila kabla hujazitia maji. Hata sisi tungezipoteza nyingi."

"Nyingi," alisema Mishi. "Si zote."

Idah aliangalia glasi mkononi. "Si zote," alikubali.

Mishi alimpenda kwa kutomdanganya. "Na ule ukuta?"

"Nitaiomba ile ya Mambrui tena, na picha ya Mzee Msellem kama atakubali. Lakini picha moja mbili hazijazi ukuta, bibi. Wakubwa wangu wameshasema wampe mtu mwingine. Nimejaribu."

"Ahsante, mwanangu." Mishi alikaza leso kiunoni. "Nina ombi. Yeye haoni. Mimi nitakupa zile filamu, wewe utaziinua dirishani, nami nitasema ilikuwa picha gani. Nazijua zote. Asikie angalau mara moja kwamba mtu amekuja nyumbani kuzitazama."

"Sijui kusema uongo, bibi."

"Usiseme. Wewe shika tu."

Hafswa, aliyekuwa akikatakata mkate wa mofa, alisita na kisu chake, kisha akaendelea kukata.

Walimkalisha mzee kitini kando ya dirisha, amevaa kanzu yake, na mto upande wa kulia asianguke. Mishi alileta kopo la kwanza. Vipande vilikuwa vimerudishwa katika bahasha, na picha za kila bahasha Mishi alizijua kwa moyo. Alimpa Idah kimoja, naye akakiinua mwangani. Kupitia kwacho ulionekana mwarobaini wa jirani.

"Hii ni ya Gongoni," alisema Mishi. "Wale watatu wa chumvi. Wa katikati amegeuka kidogo, amesikia umebonyeza kamera. Wakumbuka?"

"Na-kumbuka."

"Hii ni mdomo wa Sabaki. Mtu anavusha baiskeli kaibeba kichwani, maji yamemfika kiunoni. Ng'ambo haionekani kwa ukungu. Ulisimama matopeni tangu alfajiri, ukarudi na kiatu kimoja."

Mzee alicheka. Idah naye alicheka, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Ni nzuri hiyo, mzee," alisema, na mtu angeweza kuapa alikuwa ameiona.

Wakaenda hivyo, bahasha baada ya bahasha. Sauti ya Mishi ilizidi kutulia. Ilikuwa kama zinarudi, moja moja, na chumba kikajaa watu: mjane wa Kikambala na mwavuli wake uliochanika, mkulima amelala chini ya mkorosho, mtoto nyuma ya moshi wa kuni uani. Hafswa aliacha mkate akaja kusimama mlangoni. Nyingine hakuwahi kuziona maishani mwake.

Ndipo mzee aliponyoosha mkono wa kushoto. "Ni-pe."

Idah alimtazama Mishi. Mishi akaweka kipande kiganjani mwa mumewe, akafikiri, si kitu, haoni.

Muzammil hakukiinua dirishani. Alikishika kwa kingo, kama alivyofanya maisha yake yote, akalowesha mdomo wa chini kwa ulimi na kukigusisha pale pembe ya filamu. Wapiga picha wa zamani walikuwa wakifanya hivyo katika chumba cha giza, kujua upande wa kuweka juu: upande wenye dawa hunata mdomoni, upande wa pili huteleza. Kikateleza. Akakigeuza. Akakigusisha upande wa pili, akakiacha hapo kitambo.

Kikateleza.

Nje mtu alikuwa akiuza mihogo, akinadi. Mzee alikigeuza tena, akajaribu upande wa kwanza, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umefungwa na anaubisha mara nyingine asije akawa amekosea. Kisha akakishusha juu ya kanzu yake. Uso wake, ile nusu iliyokuwa hai, ulilegea ukalingana na ile nyingine.

"Baba Hafswa," Mishi alianza. "Mimi..."

Mkono wa kushoto ulimtafuta hewani. Ukaupata mkono wake, ukapita juu ya vidole, ukasimama kwenye ngozi iliyobambuka kwa barafu ya Jumanne. Ulikaa hapo. Kidole gumba kilikwenda na kurudi, na kurudi tena. Kisha mzee akakitafuta kile kipande kwenye kanzu, akamrudishia.

"En-delea," alisema.

"Nisikilize kwanza."

"Endelea, Mi-shi."

Idah alikuwa ameugeuza uso wake dirishani. Mishi alifungua bahasha nyingine kwa haraka hata ikapasuka kidogo. Hakumpa Idah safari hii. Alikishika mwenyewe.

"Hii," alisema, na ilibidi aanze upya. "Hii ni Vitengeni. Mwaka wa ukame. Mwanamke yuko kwenye bwawa lililokauka, kashika ndoo tupu. Vumbi limepanda mpaka hujui mbingu ni wapi. Na mbuzi wake kasimama kando."

"Wa-wili," alisema mzee.

"Wawili?"

"Mdogo." Alipumua, akalitafuta neno, akalipata. "Yu-ko nyuma."

Mishi alikiinua kile kipande cheupe kwenye mwanga, akakisogeza karibu na macho yake, akakitazama sana.

"Yuko nyuma, kweli," alisema. "Namwona."